Breki za Mpishi

Ndugu wananchi, natangaza rasmi kwamba mimi ndiye fundi mkuu wa baiskeli wa Songea nzima. Karakana yangu ilikuwa nyuma ya jiko la shule, kifaa changu kilikuwa kisu cha kukatia mchicha, na mteja wangu pekee, mpishi wetu mzee Selestine, alifariki leo alfajiri.

Raba za breki zake zilikuwa zimeisha, naye alikuwa anawahi kununua maharage mtaa wa Msamala. Nikamkatia nyingine kwenye kandambili.

"Mjukuu wangu, zitashika kweli?"

"Hizi utaturithisha, babu."

Mvua ilimkuta kwenye mteremko. Hazikushika.

Asubuhi tulipangwa mstarini. Mwalimu wa zamu aliinua kipande cha kandambili ya bluu, kidogo kama kidole gumba, kilichotolewa kwenye baiskeli. Bwenini kwetu kila mtu huchoma namba ya kitanda chake kwenye kandambili kwa msumari wa moto, zisiibwe. Namba ilisomeka vizuri.

"Arobaini na saba, pita mbele!"

Rafiki yangu alitoka, mguu mmoja peku.

"Mwalimu, yangu ilipotea juzi."

"Ikajikata yenyewe? Piga magoti. Polisi wanakuja."

Alipiga magoti kwenye kokoto. Kisha akageuka, akanitazama mimi tu. Mwalimu akafuata macho yake.

"Unamtazama nini huyo?"

Sikumwacha ajibu.

"Mwalimu, kandambili niliificha mimi, kwa utani. Na breki nilitengeneza mimi."