Uji wa Mpakani

Ofisa wa forodha aliunusa unga wa mtama wa Nyamizi kwa heshima zote, kana kwamba ni maiti ya waziri.

"Cheti cha afya ya mmea kiko wapi, dada?"

"Mmea ulishaanikwa, ukasagwa. Anayeumwa ni mama, hapo ng'ambo. Amekataa kula chochote ila uji wa unga wa kwetu."

"Unga mbichi haupiti. Ukipikwa ni chakula, nacho kinapita."

Nyamizi akaazima jiko la mama ntilie, akakoroga uji palepale mbele ya kizuizi. Alipokuwa akiumimina kwenye chupa ya chai, alimwona kaka yake, aliyekuwa akimuuguza mama, akija taratibu kutoka ng'ambo, kofia mkononi.

Ofisa akainua kizuizi.

"Haya pita, dada, uji usije ukapoa."