Kengele ya Tone la Kwanza

Ngassa alilamba kidole, akadondosha mate juu ya nyaya mbili zilizolala sambamba kwenye kibao. Kengele ndogo ikalia.

"Umeona?" alisema Kristofa, fundi redio. "Maji yakigusa zote mbili, yameziunganisha. Transista inafunguka, betri inapeleka umeme kwenye kengele. Basi."

"Na tone moja?"

"Hilo hilo moja."

Ilikuwa siku ya tatu Ngassa anatoka Migato kuja Bariadi kukaa kwenye benchi la Kristofa. Hakutaka kutengenezewa, alitaka afanye kwa mikono yake. Siku ya kwanza aliunguza transista mbili na kidole kimoja. Siku ya pili aligeuza betri, chanya kwenye hasi, kengele ikakaa kimya kama mtu aliyenuna. Leo imelia.

"Lakini baba, si una bati? Mvua ikija bati linasema lenyewe."

"Bati linachelewa. Likisema, udongo umeshalowa."

Kristofa akacheka. "Kumbe matofali. Mimi nilidhani pamba. Si uyachome tu?"

Ngassa alikuwa anakunja waya. "Mvua ya Jumanne ilinikuta shambani. Nafika, upande mmoja umebomoka. Mke wangu Felisita hajala vizuri mpaka leo."

"Kwa sababu ya udongo?"

"Haujakaa bado. Ukikaa, nitajengea kwa saruji. Kabla ya hapo sitaki maji yauguse."

"Unajenga vyumba vingapi?"

Ngassa akauinamia waya.

"Jenga vinne, baba. Ng'ombe unao. Kimoja weka mke mdogo, akupashie uji."

Ngassa akaendelea kukunja waya, ambao ulikuwa umeshakunjwa. Fundi akaona utani wake umemkera mtu mzima. Kwa kujisuta akasema atakwenda naye Migato kumsaidia kufunga, bure.

Walifika jua likiwa bado kali. Nyumba ilikuwa kimya, sufuria zimefunikwa, jiko halina hata majivu ya moto. Kristofa alipigilia kengele ukutani, karibu na mlango. Ngassa akavuta waya peke yake, mita arobaini, mpaka nyuma ya ua wa minyaa.

"Nije nikushikie?"

"Kaa hapo hapo."

Aliporudi, magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu. Akaketi kwenye kigoda, turubai mapajani, akiitazama kengele. Kristofa alimwambia anywe hata maji. Alitikisa kichwa.

Wingu lilitokea upande wa ziwa, kama mzaha. Bati halijasema neno, kengele ikalia.

Ngassa alishainuka. Kristofa akashika ncha ya pili ya turubai, wakakimbia, matone yakiwapiga mabegani, mazito, mojamoja.

"Usiogope, baba," fundi alisema akihema. "Matofali yako tunayawahi."

Wakapita minyaa.

Felisita alikuwa amewatangulia. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya tuta fupi la udongo, kanga yake ameitandaza pande zote, mkono mmoja umeshika msalaba wa mbao.

"Anzia kichwani," alimwambia mumewe. "Hajazoea kulala nje."