Kisigino cha Alhamisi

Mpiga picha wa vidonda alizima taa ya chumba, akawasha ile ya zambarau. Mzee alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja umetokeza nje ya kitanda.

"Usinitekenye," alisema.

"Kisigino chenye ganzi kinatekenyeka wapi, baba?"

Akafungua bandeji. Ilikuwa nyeupe kama vile aliifunga jana, si Alhamisi iliyopita. Alimtania kuwa anaitunza kama yai, mzee akajibu kuwa nyumbani kwake hakuna hata wa kumkanyaga.

Kidonda kilikuwa chini ya kisigino, na mgongo wa mzee, kwa maneno yake mwenyewe, ulishakataa kukunjika. Kwa hiyo alikuwa akikiona kwenye skrini tu. Chini ya mwanga ule, vijidudu vilivyojijengea utando ndani ya nyama hung'aa vyekundu kama makaa. Utando huo ndio unaozuia dawa isipenye. Siku makaa yatakapozimika, daktari alisema, mzee ataruhusiwa, na mwanawe atakuja kumchukua wakaishi pamoja mji wa mbali. Chumba kilishapakwa rangi. Wajukuu walishaanza kugombania nani atalala na babu.

Kamera ikalia. Picha ikatokea kwenye skrini, nyekundu.

"Bado?" mzee aliuliza.

"Bado, baba."

Mzee akaguna. Bandeji ilipokuwa ikifungwa upya, alisimulia habari za jirani yake anayelisha kuku watano na kununua mayai dukani, na yule mama mpiga picha akacheka hadi akafuta macho. Kabla ya kutoka, mzee akamuuliza kama amekula. Kisha mlango ukafungwa, na chumba kikabaki na mlio wa feni.

Mpiga picha akakaa. Picha ile ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Ya leo hakuionyesha, wala hakumpelekea daktari. Haikuwa na hata cheche. Tangu amzike mumewe, hakuna mwingine aliyemuuliza kama amekula. Akainamisha kichwa, akamwomba Mungu msamaha kwa kumnyang'anya mzee wa watu familia yake. Akaahidi kwamba Alhamisi ijayo atasema kweli. Alhamisi iliyopita pia aliahidi.

Mzee alifika kwake, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti. Akaupandisha mguu juu ya goti bila taabu yoyote, akafungua bandeji, akaizungusha vizuri na kuihifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko, ikae humo hadi Alhamisi asubuhi. Kisha akampigia simu mwanawe, huku kidole gumba kikipapasa kisigino kikavu, kizima.

"Bado, mwanangu," alisema. "Wamesema bado."