Damu ya Watoto Wawili

Zamoyoni alipopatwa na saratani ya damu, ndugu zake walipimwa wote, na hakuna aliyekuwa na uboho wa mifupa unaooana na wake ili apandikiziwe. Baada ya majibu wakaacha kuja hospitalini, mmoja mmoja.

Asubuhi moja muuguzi alitundika vifuko viwili vidogo juu ya kitanda.

“Hii ni damu ya vitovu vya watoto wachanga, badala ya uboho wa ndugu,” alisema. “Ya mmoja haimtoshi mtu mzima, ndiyo maana siku hizi tunampa ya wawili.”

“Watoto wa nani, mwanangu?”

“Hata sisi hatuambiwi, mama.”

Zamoyoni, ambaye hakujaliwa kuzaa, aliitazama ikishuka tone kwa tone mpaka mkononi mwake. Muuguzi alipotoka, alijisogeza taratibu hadi ukingoni mwa kitanda, akaacha nafasi ya wawili upande wa ukutani.