Dawati la Mwisho

Tone lilidondoka, na maji ndani ya flaski yakageuka rangi ya waridi iliyokolea, kama kucha zilizopakwa rangi.

Mwalimu wa kemia alikuja taratibu, mikono nyuma, akainama kutazama.

“Karatasi ya maelekezo inataka waridi hafifu, ya kushuku tu,” aliliambia darasa. “Dawati la mwisho limetutengenezea sharubati. Nani ana glasi?”

Kidato cha sita kikacheka, lakini si sana. Matone, mwenye dawati hilo, akamwaga flaski kwenye sinki, akaandika “nimezidisha” kwenye daftari, akaanza upya. Ilikuwa mara ya tano asubuhi hiyo.

Lakabu ya Matone alipewa na wenzake, kwa kuwa kila akifanya titresheni, kudondosha kemikali mpaka rangi ibadilike, lazima azidishe tone moja, siku nyingine kumi. Walilitaja jina hilo kwa kunong'ona tu. Mwalimu hakutumia lakabu wala jina la kwenye daftari la mahudhurio. Alisema “dawati la mwisho”, kana kwamba ana ugomvi na fanicha.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini, na koti lake jeupe la maabara bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Wengine aliwavumilia. Aliyesinzia aliamshwa kwa upole. Aliyevunja pipeti alipewa nyingine. Lakini Matone akichelewa dakika mbili, alisimama mlangoni mpaka mwalimu amalize hotuba fupi kuhusu saa, kifaa cha ajabu ambacho, inasemekana, watu wengine wanacho hata majumbani mwao.

“Nimekosea, mwalimu,” Matone alisema kila mara, akaenda kukaa.

Mara moja tu alithubutu kutoa maoni. Siku hiyo mwalimu alikuwa anamimina asidi huku miwani ya kinga ikipumzika juu ya paji la uso.

“Mwalimu, shusha miwani,” alisema kutoka nyuma. “Macho hayana spea.”

Mwalimu aliishusha haraka kuliko alivyokusudia. Kisha akalipatia darasa zima zoezi la kurasa nne, ili heshima irudi mahali pake.

Mwezi uliofuata mkuu wa shule, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameshika mrija wa bireti, alitangaza kuwa atakayefeli majaribio ya vitendo hatasajiliwa kwa mtihani wa taifa wa kemia. Wastani wa shule ulikuwa unamnyima usingizi. Usingizi wa Matone haukuulizwa.

Makamu wa mkuu naye akamvuta mwalimu pembeni.

“Alama za dawati la mwisho nitazikagua mwenyewe,” alisema.

“Zikague mara mbili,” alijibu mwalimu. “Humu maabara hakuna undugu.”

Wiki hiyo, kila jioni baada ya kuosha vyombo, Matone alikaa jikoni na kichupa cha dawa ya macho kilichokwisha. Alikijaza maji, akadondosha tone moja moja kwenye bakuli, akijizuia kuminya. Mkono ulikuwa na haraka zake. Aliurudi kama mtu anayemfundisha mbwa kukaa: tone, subiri, tone, subiri.

“Hilo bomba linavuja?” sauti iliuliza kutoka chumba cha pili.

“Linavuja,” alijibu Matone. “Endelea na kazi yako.”

Siku ya majaribio alisimama mbele ya bireti, akarudisha kichwa nyuma kidogo ili vistari vya vipimo vionekane, akafungua koki. Mwanzoni maji yalishuka kwa mfululizo, kisha akayabana yakawa matone, kisha nusu tone. Flaski ya kwanza: mililita ishirini na nne nukta tatu. Ya pili: nukta nne. Ya tatu: nukta tatu. Zote zilisimama juu ya karatasi nyeupe zikiwa na rangi hafifu kiasi kwamba ungehitaji kuambiwa ipo.

Mwalimu alikuja kutafuta kosa. Alichungulia bireti. Alitikisa flaski. Alipiga hesabu upya kwa kalamu yake. Kosa halikuonekana, jambo lililomfanya apanguse miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

“Dawati la mwisho limefaulu,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kukatika kwa maji.

Matone alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Wenzake walipotoka, mwalimu aliweka fomu ya usajili mbele yake.

“Ijazwe yote,” alisema. “Watu wa mitihani hawapigi ramli.”

Matone alijaza jina, akajaza masomo. Kalamu ikasimama kwenye mstari ulioandikwa “Sababu ya kukatisha masomo hapo awali, kama ipo”.

“Na hapa?”

“Si kufeli kemia? Iandikwe hivyo hivyo. Hawatashangaa.”

“Ndivyo nilivyokuwa nikisema siku zote,” alijibu Matone.

Akaandika mstari mmoja, akaigeuza fomu upande wa pili wa meza. Mwalimu akasoma. Akavuta stuli iliyokuwa karibu, akakaa. Alipofungua mdomo, sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo.

“Miaka yote hii umeniambia ulifeli, mama.”

“Sikufeli, mwanangu. Sikuufanya mtihani. Asubuhi ya mtihani nilikuwa wodi ya wazazi, nakuzaa wewe.”