Birika Lisilofutwa

Mtaani kwetu hakuna anayenishinda kuchagua vitu kwenye meza za kando ya barabara. Siku hizi vyombo huwakumbuka waliovitumia na kuwasalimu kwa majina, kwa hiyo waoga hununua vilivyofutwa kumbukumbu. Mimi huchukua visivyofutwa, maana ndivyo vya bei rahisi.

Jumamosi nikaona birika la shaba, zito, halijabonyea popote.

"Hilo halijafutwa, dada," muuzaji akanionya.

"Kwangu litamsalimu nani? Punguza bei."

Akapunguza.

Nyumbani nikaling'arisha, nikaliweka katikati ya meza, nikawaita majirani waje walione. Bi Mwatime akashika kiuno. "Salha, una jicho wewe!" Kichwa kikanivimba.

Mara mume wangu akaingia kutoka kazini. Kabla hajavua viatu, birika likamwahi: "Karibu nyumbani, Shomari. Leo pia tangawizi nyingi, kama kawaida?"

Miaka yote Shomari ameniambia tangawizi humletea kiungulia.

"Kaa, baba watoto," nikamwambia, huku nikianza kuimenya tangawizi. "Jicho langu halijawahi kukosea."