Asirudi Hai

Mama Ghala, kama kituo kizima kilivyomwita mtunza silaha wao, aliikamata bastola ya Inspekta akakataa kuiachia.

"Niahidi kwanza, bosi. Aliyemuua mwanangu asirudi hapa akiwa hai."

Nje, magari mawili yalikuwa yameshawashwa. Yule konstebo mtoro alikuwa ameonekana asubuhi hiyo, amejichimbia katika kiwanda cha mbao kilichofungwa, na bunduki yake bado anayo. Hakuwa mgeni kwa mtu. Alikuwa akishika doria pamoja na kijana wa Mama Ghala, wakila sahani moja, mpaka siku kijana alipopigwa risasi ya mgongo na mwenzake akaingia mitini. Taarifa aliitoa Inspekta mwenyewe: alifika akaukuta mwili, muuaji ameshakimbia, hata bastola hakuwahi kuichomoa.

Tangu siku hiyo Mama Ghala hakulia mbele ya watu. Alirudi kazini, akaendelea kusafisha silaha zilizorejeshwa kama kawaida yake. Lakini moyo ulikuwa ukimchemka. Alitaka damu, na wala hakuona haya.

Inspekta akamshika bega. "Mama, huyo mshenzi mahakamani hafiki."

"Uingie wewe mwenyewe. Usitume vijana."

"Mimi mwenyewe. Wao watabaki nje."

Hapo akamwachia bastola. Inspekta alizihesabu risasi mbele yake kama kanuni ilivyotaka, akazikuta zimetimia, akatoka mbio.

Mama Ghala akavuta kiti karibu na redio. Alisikia amri ya kuzingira kiwanda, kisha sauti ya Inspekta ikisema anaingia. Halafu ukasikika mlio mmoja tu, mzito, wa bunduki.

Konstebo mmoja akaja hewani. Inspekta amekufa. Walimwona dirishani akivuta kifyatuo tena na tena, bastola imegoma. Mtoro ametoka, mikono juu.

Mama Ghala akafumbua kiganja, akaweka mezani kijipini cha chuma, kile kinachogonga risasi ndani ya bastola. Kisha akafungua droo, akatoa kitambaa alichokificha tangu siku aliyouawa mwanawe. Kilikuwa cheusi kwa masizi ya baruti, nacho ndicho alichosafishia bastola ya Inspekta jioni ile.